Babu aliyerudi kutoka Bié

Mwaka 1875, katika nchi ya Waluba, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliona msafara ukiingia kambini. Alikuwa afisa wa jeshi la majini aliyekuwa akivuka Afrika kutoka pwani ya mashariki kwenda Benguela, na kwa kukosa njia nyingine alikuwa amejiunga na wafanyabiashara wa Bié. Mwenye msafara huo aliitwa Coimbra. Nyuma yake walikuja wanawake 52 waliofungwa kamba makundi makundi, watu 17 au 18 kwa kila kamba, wengine wakiwa na watoto. Cameron aliwahesabu, akakadiria vijiji vilivyoangamizwa ili wapatikane, na hesabu hiyo ikachapishwa London mwaka 1877. Hakuandika jina la hata mmoja wao.

Ukurasa huo ni wa kwanza kuufungua kwa mtu wa Kamina, hapa Katanga, anayeambiwa nyumbani kwao kwamba babu mkuu, au bibi mkuu, "alitoka Bié". Kauli hiyo husemwa kana kwamba Bié ndiko asili ya ukoo, na mjukuu huanza kujiona Mwangola. Mara nyingi sivyo. Alikuwa Mluba, Msongye, Mkanyoka au Mlunda aliyechukuliwa magharibi kwa kamba, akaishi miaka huko, kisha akarudi kwa miguu yake akiwa na kitabu kifuani. Habari za watu hao zinaweza kutafutwa na kupatikana. Nataka kueleza namna, kwa sababu nimeona familia nyingi zikikata tamaa mahali ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Njia ya Bié ilikuwa barabara kuu ya biashara. Bié ni nyanda za juu za Angola ya kati, na mji wake leo unaitwa Kuito. Kutoka hapo hadi Kamina, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,000, na hakuna msafara uliotembea kwa mstari ulionyooka. Waovimbundu, wenyeji wa nyanda hizo, walileta bunduki, baruti na vitambaa. Waliondoka na pembe za ndovu, baadaye na mpira, na wakati wote waliondoka na watu. Enzi za Mulopwe (mfalme) Kasongo Kalombo, yule ambaye Cameron alimkuta, wafanyabiashara wa Bié walikuwa wageni wa kawaida mjini kwake. Alipokufa, wanawe walipigania kiti, ufalme ukagawanyika, na mgawanyiko huo ndio tunaoujua hadi leo kwa majina ya Kabongo na Kasongo Niembo. Kila upande ulihitaji bunduki, na bunduki zililipwa kwa watu. Askari walioasi Luluabourg mwaka 1895 nao walishika sehemu za nchi hii hadi 1908, wakiuza watu kwa njia ile ile. Kwa hiyo kama familia yenu inasema babu alichukuliwa "wakati wa vita", jueni kwamba vita hivyo vinaweza kuwa vya miaka zaidi ya 30, na lazima muulize: vita vya nani na nani?

Waluba hatukukosa watunzaji wa historia. Wanachama wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, walisoma lukasa, ubao wa shanga, kwa vidole, shanga kwa shanga, wakitaja wafalme, safari zao na mahali patakatifu pa ufalme. Ni hazina kubwa, na ninasikitika kuona vijana wanaijua kutoka picha za makumbusho ya Ulaya tu. Lakini kazi ya lukasa ilikuwa kutunza kumbukumbu ya utawala. Msichana aliyenyakuliwa kisimani hakupata shanga yake humo. Mtafiti anayeanza kwa wazee wa musumba, makao ya mfalme, akitarajia kumkuta babu aliyeuzwa katika orodha ya wakubwa, anabisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

Sasa, huko Bié walikuwapo wamisionari. Wamarekani wa bodi ya misheni ya Boston walifika nyanda za juu za Angola mwaka 1881. Baadaye wakaja Ndugu, watu wa Frederick Stanley Arnot, ambaye mwaka 1886 alikuwa amefika Bunkeya kwa mfalme Msiri akipitia Bié hiyo hiyo. Kwao walikusanyika watumwa waliokombolewa, watoro, na watumwa ambao bado walikuwa mali ya mabwana zao lakini waliruhusiwa kuja kusali. Walijifunza kusoma kwa Kiumbundu, kupasua mbao, kushona, kufyatua matofali. Wareno walikuwa wamefuta utumwa kwa sheria tangu miaka ya 1870, sheria ambayo huko bara haikumfungua mtu. Oktoba 1910 ufalme wa Ureno ulianguka, jamhuri ikaja, na katika miaka iliyofuata wengi walipata nafasi ya kuondoka. Walielekea mashariki, nyumbani.

Mwaka 1915 William Burton na James Salter, Waingereza wawili Wapentekoste, walipofika Mwanza (Mwanza yetu ya Malemba-Nkulu, si ile ya ziwa Victoria), injili haikuanza nao peke yao. Waluba waliorudi kutoka Angola walijiunga nao wakiwa tayari wanasoma, wanahubiri na kuimba. Mashuhuri zaidi katika maandishi ni Shalumbo, Msongye ambaye Burton alimwandikia kitabu kizima mwaka 1929. Upande wa Wamethodisti alikuwapo Kayeka Mutembo, aliyechukuliwa mtumwa hadi Angola, akarudi Mkristo na kuwa miongoni mwa wahubiri wa mwanzo kwa Walunda. Mwanahistoria David Maxwell ameandika kwa kina juu ya watu hawa, katika makala ya 2013 kuhusu watumwa waliokombolewa na katika kitabu cha 2022 juu ya Wapentekoste na Waluba wa Katanga. Anayeweza kusoma Kiingereza aanzie hapo.

Jambo moja katika historia hiyo ndilo ufunguo wa utafiti wote: hawa watu hawakurudi mmoja mmoja. Walitembea kwa vikundi vya waliosali pamoja, na walipofika walikaa pamoja au karibu, wakajenga kanisa, wakaozana. Kwa hiyo anayemtafuta babu peke yake atamkosa. Atafutwe kupitia aliotembea nao.

Kanuni hii haikubuniwa Kamina. Wanaoitumia kwa ustadi kuliko wote ni Wamarekani wanaowatafuta mababu zao wa Kikweka. Wakweka ndio wale wanaojiita Marafiki. Msomaji wa Afrika Mashariki anawajua kwa Kaimosi, Kenya, tangu 1902, na kwa Kibimba, Burundi, tangu 1934. Katika karne ya 17 waliteswa Uingereza kwa imani yao, na William Penn alipopewa koloni la Pennsylvania mwaka 1681, maelfu walihamia huko. Hawakuwa na mapadri wala ubatizo wa maji, hivyo hakuna buku la ubatizo la kutafuta. Badala yake walikuwa na mkutano wa kila mwezi, na mkutano uliandika kila kitu: nani ameomba kuoa, nani amepatanishwa na jirani, nani ameonywa kwa ulevi, nani anahama na anakwenda wapi. Anayehama alipewa barua ya kumshuhudia, na mkutano wa alikofikia uliipokea na kuiandika. Harusini waliohudhuria walitia sahihi cheti, shangazi, wajomba, majirani na marafiki, hivi kwamba cheti kimoja kinakupa kijiji kizima.

George Boone anaonyesha jinsi hilo linavyosaidia. Alikuwa mfumaji wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Alituma kwanza watoto wake watatu wakaitazame nchi, kisha mwaka 1717 akavuka bahari na mkewe Mary na watoto waliobaki, akapokelewa na mkutano wa Gwynedd, Pennsylvania. Mwanawe Squire alioa Sarah Morgan hapo Gwynedd mwaka 1720. Mwaka 1748 Squire alitengwa na mkutano wa Exeter, ule wa Pennsylvania, kwa sababu kijana wake alioa nje ya imani na baba hakukubali kosa. Mwaka 1750 familia ikahamia kusini hadi Carolina ya Kaskazini. Wamarekani wanalijua jina hilo kwa sababu ya mjukuu, Daniel Boone, mwindaji aliyefungua njia ya Kentucky. Hata kama Daniel angekuwa mtu asiyejulikana, bado vizazi viwili vya nyuma yake vingepatikana, kwa sababu watu waliosali nao waliandika. Hata ugomvi wao na kanisa umewasaidia wajukuu: lililoandikwa kwa uchungu limewekwa vizuri kuliko lililoandikwa kwa furaha.

Kuna sababu nyingine ya kuwataja Wakweka hapa, na inatugusa moja kwa moja. Watu waliofungwa kamba hawakuishia Bié wote. Wengi waliteremshwa hadi Benguela na kuvushwa kwenda kisiwa cha São Tomé, kwenye mashamba ya kakao, kwa mikataba ya miaka 5 ambayo karibu hakuna aliyeimaliza akarudi. Kakao hiyo ilinunuliwa na Cadbury, Fry na Rowntree, viwanda vya chokoleti vya familia za Kikweka za Uingereza. Mwandishi Henry Nevinson alipita njia ya watumwa mwaka 1904 na 1905, akaona pingu za mbao zimetundikwa mitini na mifupa kando ya njia. William Cadbury alimtuma Joseph Burtt, Mkweka mwenzake, ambaye kati ya 1905 na 1907 alikaa São Tomé kisha akaingia bara la Angola kuchunguza. Alithibitisha yale yale. Kampuni hizo ziliacha kununua kakao ya São Tomé Machi 1909. Kwangu walichelewa sana. Miaka ile ya kusubiri taarifa ni miaka ya watu waliokufa. Lakini taarifa ya Burtt na kitabu cha Nevinson ni ushahidi wa njia ambayo babu yako alipita, zimeandikwa na watu walioitembea wakati ambapo yeye mwenyewe huenda alikuwa bado Bié, na kwa hiyo zinafaa kusomwa na Mluba kuliko mtu mwingine yeyote.

Turudi Kamina, kazini.

Anza na wazee, na anza kwa swali la kundi. Ukimuuliza bibi "babu alizaliwa lini?" utapata kimya au mwaka wa kubahatisha. Muulize babu alisali wapi, alikaa karibu na nani, nani waliitana ndugu bila kuwa wa damu moja, watoto wa nani hawakuruhusiwa kuoa kwenu ingawa hamna undugu unaojulikana. Swali hili la mwisho lina nguvu kubwa. Watu waliofungwa kamba moja, au waliokombolewa pamoja, wanaweza kujihesabu ndugu, na wajukuu wakarithi mwiko bila kurithi sababu. Uliza pia kuhusu ufundi: nani alikuwa seremala wa kwanza, nani alishona kwa mashine. Na uliza nyimbo. Mzee anayekumbuka wimbo wa kanisa ambao maneno yake si Kiluba wala Kiswahili amekupa dokezo la Kiumbundu ambalo karatasi haitakupa.

Kisha nenda kanisani. Makanisa yetu ya Kiprotestanti nayo yana desturi ya barua: mshiriki anayehama hupewa barua na pasta wake aionyeshe anakokwenda. Tofauti ni kwamba Mkweka aliinakili barua katika daftari, na kwetu mara nyingi iliwekwa kwenye sanduku la mzee wa kanisa na kufa naye. Tafuta sanduku hilo kabla ya kutafuta ofisi. Kwa Wapentekoste wa asili ya Burton, fuata vituo vya zamani: Mwanza, Kikondja, Kabondo Dianda, na Kipushya kwa Wasongye. Kwa Wamethodisti, Kapanga na Kabongo, kisha Kamina yenyewe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa makao ya askofu wa Katanga Kaskazini. Kwa wa Garenganze, kanisa lililotokana na Ndugu, fuata mstari wa Ndugu kutoka Bunkeya hadi Luanza na kando ya Lualaba.

Kama familia iligeuka Katoliki, usisikitike, una bahati. Tangu 1908, kwa agizo la Roma liitwalo Ne Temere, paroko anayefungisha ndoa hupaswa kuarifu parokia alikobatizwa kila mwanandoa, na ndoa hiyo huandikwa pembeni mwa ubatizo wake. Maana yake, mstari mmoja katika buku la ubatizo unaweza kukuambia kwamba mtoto aliyebatizwa hapa Kamina alioa Jadotville au Élisabethville, mwaka gani na nani. Watu husoma mstari wa katikati na kuacha pembeni. Pembeni ndiko kuna safari.

Serikali ya kikoloni nayo iliandika, kwa nia zake. Amri ya Mei 2, 1910 juu ya sheferi (maeneo ya machifu) ilimfunga kila mwenyeji kwenye sheferi yake, na kuhama kulihitaji ruhusa ya mkubwa na pasi ya kuhamia. Hebu fikiria mtu anayefika kutoka Angola mwaka 1912 au 1914. Hayumo katika orodha ya sheferi yoyote. Kijiji chake huenda kimeungua, chifu wake huenda amekufa. Lazima aandikwe mahali, na huenda akaandikwa pale wenzake wa kanisa walipojenga badala ya pale alipozaliwa. Kwa hiyo "kijiji cha asili" kilichoandikwa katika buku la kitambulisho la babu, na kunakiliwa na eta-sivili, ofisi ya kuandikisha raia, hadi kwenye karatasi zako wewe, kinaweza kuwa kijiji cha kufikia. Familia zimegombana na kupelekana kwa chifu kwa sababu ya mstari huo mmoja. Uuchukue kama ushahidi wa alikokaa, na uendelee kuuliza alikotoka.

Watoto wa waliorudi walijua kusoma, na reli ilihitaji watu wanaojua kusoma. Njia ilifika Bukama mwaka 1918; mwaka 1928 mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja kufungua ile ya Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, nayo ikapita Kamina. Mwaka 1956 tawi la Kabalo lilikamilika, na mji wetu ukawa njia panda. Kama babu alifanya kazi relini, faili yake inaweza kuwa na namba ya matrikule, jina la baba, sheferi na jina la mke. Kumbuka tu kwamba mwajiri yule yule amepita majina mengi: BCK, baadaye KDL, kuanzia 1974 SNCZ, na leo SNCC. Ukiomba faili kwa jina la leo peke yake, karani ana haki ya kukuambia haipo.

Majina ndiyo yanayowashinda wengi. Chukua mtu wa kubuni, aliyezaliwa Ngoy. Bwana wake wa Bié alimpa jina jingine la Kiumbundu. Alipobatizwa akawa Abrahamu. Mmisionari Mwingereza akamwandika kwa masikio yake, karani Mbelgiji akamwandika Ngoie, na kama alipita mkononi mwa Mreno, kila K ya kijiji chake iligeuka C au Q. Mwanawe akajiita Abraham kama jina la ukoo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo, mjukuu akaliacha Abraham na kuchukua jina la upande wa mama. Vizazi vitatu, majina matano, na hakuna aliyedanganya. Tengeneza karatasi yenye majina yote na tahajia zote kabla ya kuingia nyaraka yoyote, na usitupe jina kwa sababu "halifanani na letu".

Tarehe zina taabu yake. Wakweka walikataa kutumia majina ya miezi waliyoona ni ya miungu ya kipagani, wakahesabu mwezi wa kwanza, wa pili. Lakini kabla ya 1752 mwezi wa kwanza wao ulikuwa Machi, na watafiti wasiojua hilo wamewazaa watoto kabla ya harusi. Kwetu tatizo ni karani aliyemtazama mtu usoni na kuandika "amezaliwa kama 1890". Usiibebe tarehe hiyo kama msumari. Ipime kwa mambo ambayo mzee alikumbuka: Kasongo Niembo alipohamishwa na Wabelgiji hadi Buta mwaka 1917, je, babu alikuwa amerudi? Alikuwa ameoa? Homa kuu ya 1918 ilimwua nani nyumbani? Treni ya kwanza alipoiona alikuwa na mtoto mgongoni au mjukuu?

Na bibi? Wale 52 wa Coimbra walikuwa wanawake, na msafara haukuwa wa ajabu kwa hilo. Wanawake na watoto ndio waliotafutwa zaidi. Lakini taarifa za misheni zimejaa wahubiri wanaume, na mwanamke huonekana kama "mke wa" fulani, hata pale ambapo ndiye aliyefundisha wanawake wenzake kusoma. Ushauri wangu ni kumtafuta katika mahari. Mwanamke aliyerudi bila ukoo unaomjua akazaa mabinti, na mabinti wakaposwa: nani apokee mahari? Mjomba yupi? Mambo haya yalifika barazani kwa chifu, na kwa amri ya Aprili 15, 1926 baraza hizo zikawa mahakama za wenyeji zilizotambuliwa na serikali, zenye kuandika kesi. Katika ugomvi wa mahari watu hulazimika kusema wazi nani ni wa nani, nani alinunuliwa na nani alikombolewa. Ni maneno ya kuumiza, na pengine ndiyo mahali pekee bibi ametajwa kwa jina lake.

Kwa sababu yanaumiza, yashikwe kwa heshima. Utumwa wa babu si aibu ya babu, lakini mzee aliyenyamaza miaka 80 alikuwa na sababu: kulikuwa na watu ambao wangetumia habari hiyo kuwanyima wanawe ardhi au kiti cha kikao. Usimlazimishe, wala usisambaze kwa simu alichokunong'oneza. Na uwe tayari kwa upande wa pili. Burton anamweleza Shalumbo kama mtu aliyewahi kuwinda watumwa kabla ya kuwa mhubiri. Mtu mmoja aliweza kufungwa kamba na kufunga wengine katika maisha yale yale. Wamarekani walikuta hayo hayo: William Penn mwenyewe alimiliki watumwa, Wakweka wa Germantown waliandika kupinga utumwa mwaka 1688, na ilichukua hadi 1776 kwa mkutano mkuu wa Philadelphia kuwakataza wanachama wake kumiliki watu. Anayetafuta ukoo anatafuta watu walivyokuwa. Akitaka watakatifu tu, aache mapema.

Ukishakusanya ya hapa, ndipo uandike ng'ambo, na ukiandika usipeleke jina peke yake. Mhifadhi wa nyaraka aliyeko Ulaya hawezi kufanya lolote na "Abrahamu wa Kamina". Mpe kituo, miaka unayokisia, jina la mmisionari na majina ya wenzake babu, matatu au manne. Nyaraka za Ndugu, pamoja na barua zilizochapwa katika jarida lao Echoes of Service, ziko Manchester, maktaba ya John Rylands. Za Wamarekani wa Bié ziko Chuo Kikuu cha Harvard, maktaba ya Houghton. Za Wamethodisti ziko Drew, New Jersey, zikiwemo albamu za picha. Misheni ya Burton kwao ni Preston. Burton alikuwa pia mpiga picha na mchoraji hodari. Picha zake na vitu alivyokusanya viko Tervuren, Ubelgiji, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Omba maelezo yaliyoandikwa pamoja na picha, kwani humo kunaweza kuwa na kijiji na jina.

Jibu likija, lisome kwa subira. Mtu wa jina moja katika kituo kimoja si lazima awe babu yako. Mimi nakubali pale ambapo karatasi na simulizi vinakutana bila kimoja kumezwa na kingine: simulizi la familia linasema alikuja na Yakobo seremala, na barua ya mmisionari, ambayo familia haikuwahi kuiona, inawataja wawili hao pamoja. Kabla ya hapo andika "huenda", na mwandikie mjukuu wako sababu ya "huenda" hiyo, ili aanze pale ulipoishia.

Kinachonikosesha usingizi ni madaftari yaliyo hapa hapa. Ya Harvard yanalindwa na mitambo ya hewa. Ya kwetu yako kwenye kabati la mbao nyuma ya kanisa, Dimayi, Sobongo, na vijijini zaidi, na mchwa hawasubiri ruhusa ya pasta. Omba ruhusa hiyo wewe. Nenda na simu yenye chaji, kaa karibu na dirisha penye mwanga, piga picha ya jalada kwanza ili ijulikane daftari ni la kituo gani na mwaka gani. Kisha piga kila ukurasa mzima, kona hadi kona, hata ule ambao babu yako hayumo, kwa sababu waliotembea naye wamo. Nakala moja ibaki kwa kanisa, na moja itoke nje ya Kamina.